Mshahara ukicheleweshwa, mwili ndio hulipa

MFANYAKAZI anapofika hospitalini akilalamikia kichwa kinachogonga, usingizi uliopotea na moyo unaokwenda mbio, muuguzi humpima shinikizo la damu, tabibu humwuliza kuhusu chumvi, pombe na sigara, kisha humwandikia dawa. Swali moja aghalabu husahaulika: je, umelipwa mshahara wako?

Huenda wengi wakadhani swali hilo ni la afisa wa leba wala si la daktari. Lakini kwa mtu anayefanya kazi ya mikono huko Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, mambo hayo mawili hayatenganiki. Miezi 3 ikipita bila mshahara, kinachokatwa kwanza nyumbani ni nyama, kisha mboga, kisha nauli ya kwenda kliniki, na mwishowe zile tembe za shinikizo au za kisukari zilizokuwa zikinunuliwa kila mwezi. Mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa amepooza upande mmoja wa mwili huenda safari yake ilianza siku mwajiri alipomwambia, "Ngoja kidogo, pesa za kahawa hazijaingia."

Mukurweini ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye kahawa, ng'ombe wa maziwa na mashamba madogo madogo. Ukitoka Kiahungu kwenda Gakindu au Ichamara utakutana na wachunaji wa kahawa, wakata nyasi za ng'ombe, mafundi wa nyumba, wavunja mawe, walinzi wa usiku, wauzaji wa maduka, wapishi wa hoteli na wasichana wanaolea watoto wa wenyewe. Wengi wao hawana barua ya kuajiriwa. Waliitwa kwa mdomo, wakaanza kazi kesho yake. Na mwajiri mara nyingi si kampuni kubwa, bali ni jirani wanayesali naye kanisa moja. Ndiyo sababu kudai haki huwa kugumu, na ndiyo sababu wengi huamua kunyamaza hadi mwili uanze kusema kwa niaba yao.

Deni linavyoingia mwilini

Mtu akiwa na wasiwasi, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Homoni hizo zina faida mtu anapokimbia hatari, kwani huongeza mapigo ya moyo na sukari katika damu ili misuli ipate nguvu. Hatari ya mshahara usiolipwa, hata hivyo, haikimbiliki. Iko pale asubuhi, iko pale usiku mwenye nyumba anapobisha mlango. Mwili unaokaa katika hali hiyo kwa miezi mingi huchoka: usingizi hupungua, shinikizo la damu hupanda, na maradhi yaliyokuwa yametulia huamka.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa wafanyakazi wa serikali mjini London ulionyesha kwamba wale wa vyeo vya chini walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao. Mwaka 1996, mtaalamu Johannes Siegrist alieleza kwamba mtu anayejitolea sana kazini na kupata malipo kidogo, au asipate shukrani wala uhakika wa kesho, yumo katika hatari kubwa ya kuugua moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Mlinzi anayekesha siku 7 kwa wiki, kila usiku saa 12, hufanya kazi saa 84.

Shinikizo la damu likifikia 140 kwa 90 au zaidi, na likapatikana hivyo kwa siku tofauti, hapo linahitaji matibabu. Mara nyingi halina dalili. Kwa hivyo mfanyakazi mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 asingoje kuumwa kichwa. Na apimwe katika zahanati iliyo karibu naye.

Akili nayo huumia. Mtu ambaye kwa zaidi ya wiki 2 hana hamu ya chakula, halali, hukasirikia watoto bila sababu, au huwaza kwamba afadhali afe, huyo ni mgonjwa na anastahili matibabu kama mwenye malaria. Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya ushauri isiyolipishwa, nambari 1199. Pombe haiponyi ugonjwa huu, bali huongeza deni.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kulipa apendapo. Kibarua wa siku hulipwa jioni ya siku hiyo. Aliyeajiriwa kwa mwezi hulipwa mwezi unapoisha. Anayelipwa kwa kipimo, kama vile mchunaji wa kahawa anayehesabiwa madebe, hulipwa kazi inapokamilika au mwisho wa mwezi, kutegemea lipi linatangulia. Hakuna mahali sheria inaposema mchunaji angojee hadi kahawa iuzwe.

Mshahara hutakiwa kulipwa kwa pesa za Kenya. Maharagwe, maziwa au chumba cha kulala vinaweza kuongezwa, lakini havichukui nafasi ya mshahara. Tena sheria inakataza kumlipa mtu mahali panapouzwa pombe, isipokuwa awe ameajiriwa papo hapo. Waliotunga kifungu hicho walijua fika kwamba mshahara unaolipwa kwenye baa huishia kwenye baa.

Makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na mwajiri anayezuia mshahara bila haki anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili.

Jambo jingine ambalo vibarua wengi hawalijui: mtu aliyeitwa kibarua lakini akafanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kumalizika katika miezi 3, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Anastahili notisi na haki nyingine kama mfanyakazi wa mwezi. Ikiwa hakuna mkataba wa maandishi na kesi ifike mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha masharti yanayobishaniwa, kwa kuwa ni yeye aliyepaswa kuyaandika.

Ugonjwa si kosa

Ugomvi mwingi kazini huanza pale mfanyakazi anapougua. Anakosa siku 3, akirudi anakuta mwingine ameshika jembe lake. Sheria inasema kwamba aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo anastahili angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Sharti ni alete cheti cha daktari na amwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Kwa hivyo usitoke hospitalini bila cheti. Mwombe tabibu aandike tarehe na idadi ya siku za kupumzika.

Mama mjamzito anastahili likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Kumfuta kazi mwanamke kwa sababu ya mimba ni kuvunja sheria.

Mwajiri pia ana wajibu wa kuhakikisha mfanyakazi wake anapata dawa anapougua, isipokuwa pale matibabu hayo yanapotolewa bure na serikali au yanapolipiwa na bima iliyowekwa kisheria. Na hapa ndipo penye mtego mwingine. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya bima ya afya. Mwajiri akikata pesa hizo asizipeleke, mfanyakazi hugundua akiwa tayari kitandani. Usingoje siku hiyo. Piga *147# kwenye simu yako uangalie hali ya michango yako. Ukikuta pengo, una jambo la kumpelekea afisa wa leba hata kama mshahara wenyewe umelipwa.

Wale ambao hawana pesa kabisa wasiache dawa kimya kimya. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharimiwa na serikali kwa waliojiandikisha na SHA, na dawa za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi hutolewa bure katika hospitali za umma. Kumwambia muuguzi, "Sijalipwa, siwezi kununua dawa hii," si aibu. Huenda akajua dawa ya bei nafuu zaidi, au pa kuipata.

Ajali na sumu shambani

Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, au mkono ukinaswa na mashine ya kukata nyasi, dai lake si la mshahara tu bali pia la fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, humtaka mwajiri alipe gharama zinazofaa za matibabu na awe na bima ya wafanyakazi wake. Aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, amwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye aripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Fomu ya ajali ina sehemu inayojazwa na daktari, hakikisha imejazwa.

Aliyelazimika kukaa nje ya kazi siku 3 au zaidi ana haki ya kulipwa kwa muda huo, hadi miezi 12. Aliyelemaa kabisa asiweze kufanya kazi tena hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa mtu wa mshahara wa Sh9,000, hizo ni Sh864,000. Ulemavu wa sehemu huhesabiwa kwa asilimia ya kiasi hicho. Dai linapaswa kuwasilishwa kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hii ni halali kikatiba, na kwamba madai kama haya huanzia kwa mkurugenzi wa idara hiyo, si mahakamani. Ukishauriwa ukimbilie kortini kwanza, utapoteza nauli na wakati.

Wanaonyunyizia kahawa dawa wana hatari ya pekee. Baadhi ya dawa za wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti, hupita kwenye ngozi. Dalili zake ni mate na machozi kutiririka, jasho jingi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida. Mvue mgonjwa nguo zilizolowa, umwoshe kwa sabuni na maji mengi, umkimbize hospitalini, na uchukue kibandiko cha mkebe wa dawa ili daktari ajue amtibu nini. Usimpe maziwa wala kumlazimisha atapike. Vifaa vya kujikinga, kama vile glavu, buti na kinyago, ni wajibu wa mwajiri kuvitoa wala si fadhila.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi na anunue daftari dogo la shule, aandike humo kila siku: tarehe, kazi aliyofanya, saa alizoingia na kutoka, madebe aliyochuna, pesa alizopokea. Ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, kadi ya hospitali, risiti za dawa na majina ya wenzake waliokuwa naye kazini. Kadi ya hospitali yenye maneno "aliumia akiwa kazini" na tarehe ya siku hiyo hiyo ina uzito kuliko maelezo marefu yatakayotolewa mwaka mmoja baadaye.

Kisha apige hesabu. Tuseme kuna mtu aliyefanya kazi ya shamba mwaka mzima kwa Sh9,000 kwa mwezi, hakupewa likizo, hakulipwa miezi 3 ya mwisho, kisha akaambiwa aondoke bila notisi. Mishahara ni Sh27,000. Notisi ni mshahara wa mwezi mmoja, Sh9,000. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukigawa Sh9,000 kwa siku 26 za kazi kisha uzidishe kwa 21, utapata Sh7,269. Jumla ni Sh43,269. Mtu anayefika kwa afisa wa leba akiwa na hesabu kama hiyo husikizwa upesi kuliko anayesema tu kwamba ameonewa. Aangalie pia kama mshahara wenyewe ulifikia kiwango cha chini kilichowekwa na serikali. Viwango hivyo hubadilika. Mnamo Novemba 2024, kwa mfano, viliongezwa kwa asilimia 6.

Njia ya kufuata

Kwanza, zungumza na mwajiri mbele ya shahidi mnayemheshimu nyote. Mkulima mzee asiyelipa huenda kweli hana pesa, na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi ni bora kuliko uadui wa kijiji kizima. Chifu au mzee wa mtaa anaweza kuwapatanisha, na wengi huanzia hapo, lakini hana uwezo wa kutoa hukumu kuhusu mshahara.

Pili, ikiwa mazungumzo yameshindikana, nenda kwa ofisi ya leba mjini Nyeri. Huduma ni ya bure na huhitaji wakili. Afisa ataandika maelezo yako, atakokotoa unachodai, atamwandikia mwajiri barua na kuwaita nyote wawili. Mambo mengi huishia mezani hapo. Aliyefutwa kazi isivyo haki na apeleke malalamiko yake kwa afisa huyo katika muda wa miezi 3.

Tatu, chama cha wafanyakazi. KPAWU huwatetea wafanyakazi wa mashambani, na KUDHEIHA wale wa nyumbani, hotelini na hospitalini. Chama kinaweza kumwakilisha mwanachama wake.

Nne, mahakama. Tangu Juni 2018, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea waliruhusiwa kusikiza kesi za ajira za watu ambao mshahara wao hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Hivyo mtu wa Mukurweini aulize kwanza katika mahakama yake ya Mukurweini kabla ya kupanda matatu. Kesi kubwa na rufaa huenda kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo huketi Nyeri. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ni ya haraka, haisikizi kesi za ajira. Dai la mshahara lisiachwe lipite miaka 3.

Ukipigwa ulipokwenda kudai chako, hilo ni jambo la polisi: nenda hospitalini, kisha uchukue fomu ya P3. Na mkulima anayekidai chama cha ushirika malipo ya kahawa au maziwa si mfanyakazi wa chama hicho. Kilio chake hupelekwa kwa maafisa wa ushirika.

Wapo wanaoogopa kwamba wakishtaki watafutwa. Sheria inasema kumfuta mtu kwa sababu amelalamika si sababu ya haki, na mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Ni kweli kwamba haki hiyo haimlishi mtu usiku wa leo. Kwa hivyo ni vyema wafanyakazi waende kwa pamoja inapowezekana. Watu 6 walioandika madai yao kwa siku moja ni vigumu kuwatisha kuliko mmoja.

Hata wanaotutibu

Isidhaniwe kwamba shida hii ni ya wenye majembe tu. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba wa mishahara uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe. Wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na malipo ya madaktari wanagenzi yakiwa mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa. Katika migomo yote miwili, mgonjwa asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi ndiye aliyeumia zaidi.

Kwa mwajiri aliye mwungwana, mambo ni mepesi. Andika mkataba hata kama ni ukurasa mmoja. Weka kando pesa za wachunaji kabla msimu haujaanza, wala usitegemee malipo ya kahawa ambayo huja yakipenda. Peleka makato ya SHA kila mwezi. Kama huna pesa, sema mapema na useme ukweli, kwani mfanyakazi anayejua atalipwa lini hulala usingizi kuliko anayeambiwa kila Ijumaa aje Jumatatu.

Dawa ya deni, wahenga walisema, ni kulipa. Dawa ya maradhi yanayoletwa na deni hilo ni kwenda mapema: kwa muuguzi akupime shinikizo, na kwa afisa wa leba akupigie hesabu. Safari hizo mbili zaweza kufanywa kwa wiki moja, na hakuna hata moja inayohitaji wakili.